Punda wa Jumapili ya Matawi

Kimulot, 18 Januari 2026

Ndugu yangu Kipkurui,

Chamgei. Huku tuko, jua ni kali na majani ya chai yamekuwa madogo kama ya kunyimwa. Mama anakusalimu. Goti linamsumbua lakini mdomo ni mzima; juzi alimfukuza daktari wa ng'ombe kwa kuingia nyumbani bila kuvua kofia. Baba Chemutai anakusalimu vile yeye husalimu, yaani nilimwambia naandika barua akatikisa kichwa. Chemutai mwenyewe amepata kazi ya kufundisha Kiptere, anakuja kila mwisho wa mwezi kula na kutukosoa.

Naandika kwa karatasi kwa sababu huko Lokitaung simu yako ni ya kupanda mlima ndipo ishike, na kwa sababu kila ninachokuandikia kwa simu, kabla ya jioni kiko kwenye grupu ya ukoo. Karatasi inapita mikono michache. Okello, dereva wenu wa misheni, anasema atakuwa akipitia Litein kubeba mahindi, basi huyo ndiye posta yetu.

Jambo lenyewe ni hili. Mwakilishi wetu wa wadi tulimzika Desemba na uchaguzi mdogo utakuwa Mei. Kuna mtu mmoja wa hapa, mkulima, anataka kusimama. Anaijua barabara ile inayopanda kutoka mtoni, ambayo mvua ikinyesha lori ya kiwanda haifiki, na majani yetu yanashinda kwenye banda mpaka yanageuka rangi na karani anayakataa. Mtu huyo haogopi kuongea wala kutembea. Anaogopa kanisa tu, maana hapa kwetu ukisimama bila kanisa umesimama kwa mguu mmoja.

Kwa hiyo naomba uandike barua ya ukurasa mmoja, isomwe Jumapili kwenye matangazo. Wewe ndiwe mtoto wa kanisa hili aliyetumwa misheni, unaombewa kila wiki kwa jina. Sema tu kwamba mtu huyu ni mwaminifu na umemjua tangu zamani. Nafasi ya jina uache wazi, nitajaza mwenyewe.

Dada yako,
Chelimo

Lokitaung, 9 Februari 2026

Dada Chelimo,

Chamgei mising. Nimefurahi kusikia mama bado anafukuza watu. Hapa tumezima kiu kidogo, kisima cha pili kimetoa maji yenye chumvi lakini mbuzi hawalalamiki. Ibada yetu iko chini ya mti wa miiba mpaka mabati yafike. Joto ni lile nililokuambia, lizidishe.

Nimemfikiria sana huyo mkulima wako. Ana ng'ombe wanne, bustani ya miche ya chai, na mume anayetikisa kichwa. Simama, dada. Nasema bila kusita. Wako Wakristo wanaoona siasa ni matope, wanajifungia ndani kuimba, halafu wanashangaa barabara kuwa matope kweli. Mimi si wa hao. Nikiwa na nafasi ya kukuombea kila asubuhi, naitumia.

Lakini barua ya kusomwa kanisani sitaandika. Mtu akiwa amekaa kwenye benchi ya kanisa, na jina la mgombea linatoka mbele pale ambapo Neno hutoka, hawezi kuinua mkono aseme, "Mimi sikubali." Na mtu asiyeweza kukujibu, hujamwomba kura. Umemwamuru.

Usikasirike. Najua utakasirika.

Ndugu yako,
Kipkurui

Kimulot, 3 Machi 2026

Kipkurui,

Mama hajambo, ng'ombe hawajambo, mimi nimekasirika.

Barua yako nimeisoma mara moja ikanitosha. Sasa soma hesabu yangu nawe. Wadi hii ina wapiga kura 13,480. Uchaguzi mdogo watu hujitokeza nusu, wengine wakiwa wameenda kuchuma. Wagombea ni watano. Anayefika 2,800 analala usingizi. Kanisa letu na matawi yake lina watu wazima 1,900. Unaona? Zaidi ya nusu ya kiti inakaa kwenye mabenchi kila Jumapili saa nne, na wewe unaniambia habari za kuinua mkono.

Na usifikiri wengine wana dhamiri kama yako. Niliwaendea wazee wa kanisa kwa heshima, nikawaeleza nia yangu. Wakaangaliana. Mmoja akasema ni vizuri akina mama wakijitokeza kusaidia, hasa upande wa chai siku za wageni. Nikamuuliza hiyo chai inatoka kichaka cha nani. Nilifagia kanisa hilo lilipokuwa la udongo, na mawe ya msingi yalifika pale juu kwa mgongo wa punda wangu kwa sababu hakuna gari lililoweza kupanda. Leo mimi ni wa birika.

Tena nimeshapeleka karatasi kwa tume. Sina chama. Benard ndiye amechukua tiketi ya chama, yule wa duka la mbolea, na alama yake ni ufunguo. Mimi alama yangu nimechagua punda. Chemutai karibu alie, ati mama, watakucheka. Wacheke. Niliacha shule darasa la saba nikachuma majani ya watu, nikanunua punda, nikabebea majirani majani yao siku ambazo lori ilikwama. Punda ndiye alininunulia shamba na ndiye alikupeleka wewe sekondari. Hilo halina deni, nasema tu kwamba ninajua nani amenibeba.

Nauliza mara ya pili: utaandika? Na la pili, utakuja kupiga kura? Jina lako bado liko kituo cha hapa.

Chelimo

Kimulot, 14 Aprili 2026

Ndugu yangu,

Hujajibu. Okello amepita Litein bila kitu, akasema mito imejaa huko na lori nyingine imelala barabarani. Sawa. Lakini mimi siwezi kungoja mito, mambo yamefika mahali.

Mvua imekuja hata huku, majani yamefurika na mama anatembea na fimbo mpya. Sasa sikiliza yaliyotokea.

Jumapili ya Matawi Mchungaji Hezekiah alihubiri mahubiri yale yale ya kila mwaka, Yesu akituma wanafunzi wamfungue punda na kumleta. Unajua mdomo wa Hezekiah. Sikukuu huhubiri kwa Kiswahili, lakini "p" na "b" kwake ni mapacha wasiotofautishwa hata na mama yao. Akainua mikono akasema, "Bwana alihitaji bunda. Hakuhitaji gari kubwa, hakuhitaji farasi. Bunda."

Vijana wakaanza kucheka, maana bunda wanalolijua wao ni la noti. Halafu Kogo Elmina, yule bibi wa kwaya, akakumbuka alama yangu. Akapiga kigelegele. Akina mama wote wakamfuata, matawi yakapepea, na Hezekiah akafikiri ni Roho. Akaendelea. "Na leo, ndugu, nani atambeba Bwana? Ni bunda." Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, sikujua nicheke au niingie chini ya benchi.

Watu wa Benard hawakucheka. Jumatatu walienda kwa mchungaji, ati amenipigia debe madhabahuni. Maskini Hezekiah, alikuwa amesoma tu kalenda ya kanisa. Lakini akaogopa, na wiki iliyofuata, Pasaka yenyewe, ili kusawazisha, akamwita Benard mbele. Wazee wakamwekea mikono. Akapewa kipaza sauti, na alikuwa nacho hata nyama ya mchana ikapoa. Niliposimama kuuliza zamu yangu ni lini, mzee yule wa birika akasema yangu ilishapita, siku ya Matawi.

Yaani Yesu alipanda punda, na mimi nikalipishwa nauli.

Nilitoka. Sikurudi Jumapili iliyofuata. Kuna kanisa Roret wananikaribisha, na nina miguu.

Jambo moja linanisumbua. Benard alisema mbele ya watu kwamba hata ndugu yetu aliye misheni anajua nia yake. Amejuaje wewe unajua? Mnaandikiana?

Chelimo

Lokitaung, 26 Aprili 2026

Dada,

Barua zako mbili zimefika pamoja, moja imelowa. Lori ililala kwenye lagga, ule mto mkavu uliojaa ghafla, siku nyingi, na tulikula dengu mpaka watoto wakaanza kuikataa kwa lugha mbili. Sasa tuko salama. Mwambie mama fimbo isiwe ya kupigia watu.

Ya bunda nimeisoma kwa sauti mbele ya wenzangu. Wa huku hawakuelewa, nikacheka peke yangu.

Usihame kanisa. Ukihama, yule mzee atakuwa amesema kweli, kwamba ulikuwa pale kwa ajili ya birika, na sasa kwa ajili ya kiti. Rudi ukae kwenye benchi lako.

Barua bado sitaandika, na alichofanyiwa Benard ni kosa lile lile nililokataa kukufanyia wewe. Hesabu yako ni nzuri, dada, siku zote ni nzuri. Umehesabu wanaokujua. Je, kuna mtu yeyote amekujibu mpaka sasa, au wote wanapiga makofi tu?

Kuhusu safari, mito ndiyo itaamua.

Kipkurui

Kimulot, 11 Mei 2026

Kipkurui,

Chamgei. Nimeona vile umeruka swali langu la Benard kama mbuzi anavyoruka mtaro. Nitarudi hapo. Mama ni mzima, Chemutai amechukua ruhusa kunisaidia, Baba Chemutai jana alisema sentensi nzima, ya kwamba viatu vyangu vimeisha.

Vimeisha kweli. Nilirudi kanisani, nikakaa benchi langu, sikusema kitu. Halafu nilikaa na karatasi yangu nikaona kosa. Nilikuwa nimehesabu makanisa, sikuhesabu vituo. Kuna vituo vitatu ndani ya mashamba makubwa ya chai, vyenye watu 3,300 walioandikishwa, na hakuna mgombea hata mmoja aliyekanyaga huko. Kwa nini? Kwa sababu wengi walitoka upande wa ziwa, ni kabila jingine, na huku kwetu ukisema "watu wetu" unajua unawaacha akina nani. Wanaabudu Mungu huyu huyu, kwa kanisa hili hili, ila ibada yao ni ile ya Kiswahili ya asubuhi na mapema, na sisi tukifika wao wanakuwa wametoka. Miaka yote hiyo tumebadilishana benchi likiwa bado na joto lao.

Nikaenda kwenye ibada yao. Kiongozi wao ni Kepher, fundi wa mashine kiwandani, mtu mrefu wa kuongea polepole. Aliniona akafurahi, akaninong'oneza kwamba kabla ya baraka atanipa kipaza sauti, dakika kumi.

Kipkurui, nilikitazama kile kipaza sauti kama ng'ombe anavyotazama chumvi. Nikamwambia hapana, nitawangoja nje pale kwenye bomba la maji. Usijisifu, si kwa ajili ya maneno yako. Ni hesabu. Ndani watu mia mbili wangenyamaza na mimi ningeandika kura mia mbili, uongo mtupu. Bombani anayenikataa anabeba mtungi wake anaenda, nami namwona.

Wakanijibu. Wengine walibeba mitungi. Wengine waliniuliza kuhusu zile mashine za kuchuma zinazowamalizia kazi, nikasema ukweli kwamba wadi haina nguvu juu ya mashine lakini ina nguvu juu ya barabara, soko na zahanati. Mchumaji mmoja anaitwa Aluoch, alikuwa amefunga mtoto mgongoni, akaniangalia tangu kiatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Mama, Alhamisi moja tutaitwa wapiga kura," akasema. "Ijumaa mtatuita nani?"

Majibu yangu ya mkutano nikayaweka kando.

"Sijui watu watawaita nani," nikamwambia. "Mimi nitakuita Aluoch. Na ukisikia nimekuita mgeni, kuja nyumbani uniambie mbele ya mama yangu."

Akasema ameshasikia habari za mama yangu, ni yule wa fimbo. Wakacheka. Halafu akauliza kwa nini nilichagua punda, mnyama wa kubebeshwa na kuchapwa. Nikamwambia ndiyo maana. Alinipitisha nyumba kwa nyumba, kambi zote tatu, siku sita.

Sasa ya Benard. Wiki iliyopita alimkuta Kogo Elmina kwenye banda la kununulia majani na akina mama wa kwaya. Akawasalimu vizuri, akauliza mwaka huu ni nani. Kogo akamjibu bila kuficha: "Ni bunda, mwanangu. Sisi wote ni bunda, hatuzungushi." Benard akatabasamu, akasema ameelewa, mama zetu wamekuwa wakweli. Kesho yake kijana wake akaleta bahasha, bunda lenyewe, la noti.

Kogo alishangaa, akaja kwangu, nikamwambia sikuona wala sijui. Jana akaenda nalo kanisani. Wakati wa sadaka akaliweka kwenye kapu mbele ya macho ya wote, akamwambia mchungaji ni kutoka kwa ndugu Benard. Hezekiah akashukuru kwa kipaza sauti. Benard alikuwa kwenye benchi la tatu. Angesema nini? Alitoa uso wa mtu aliyebarikiwa kwa nguvu.

Kura ni Alhamisi. Okello anaondoka leo, barua hii itakufikia ukiwa umeshachelewa, kwa hiyo sikuombi tena kuja. Nilitaka tu ujue kwamba wamenijibu.

Dada yako

Kimulot, 7 Juni 2026

Ndugu yangu Kipkurui,

Salamu ni zako zote, za mama na za nyumba nzima, na Baba Chemutai amesema sentensi ya pili, nitakuambia ukija.

Matokeo umeyasikia: punda 3,118, ufunguo 2,904, wale wengine watatu kwa pamoja 690. Tofauti 214. Kanisa letu lilinipa nusu, si mbaya kwa mtu wa birika. Vituo vile vitatu vya mashamba vilinipa 1,240. Hapo ndipo kiti kilikuwa, Kipkurui, siku zote, kando ya bomba la maji.

Jumapili iliyofuata Hezekiah aliniita mbele nikawekewe mikono. Yule mzee wa birika alikuwa wa kwanza kujipanga. Nikasimama pale pale kwenye benchi langu nikasema nashukuru, waniombee nikiwa hapa chini, na Benard asimame pia aombewe, maana anayeshindwa anahitaji zaidi. Nikaomba pia Jumapili moja kila mwezi ibada hizi mbili ziwe moja. Wazee wanalifikiria. Nitawasaidia kufikiria.

Benard alisimama, ana moyo kuliko nilivyodhani. Tukitoka akaniambia, "Yule ndugu yako ni mgumu. Nilimwandikia mara mbili aniandikie barua ya kusomwa, akakataa zote mbili." Kumbe! Miezi yote hiyo ningeweza kukasirika nusu kama ungeniambia.

Lakini kuna kubwa kuliko hilo. Nilipotoka kwenye kujumlisha kura nikamkuta mama anatabasamu na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kimeisha. Ati ulikuja. Ulipanga foleni Alhamisi mchana, kidole kikatiwa wino, ukanywa mursik, ukaondoka na gari la mizigo kabla sijafika. Kogo Elmina alikupita mara mbili bila kukujua. Umetoka Lokitaung mpaka Kimulot, ukashindwa kuvuka mtaro mmoja kunisalimu?

Niambie sababu. Na niambie ulimpigia nani. Jibu lako nitalisoma mimi tu.

Chelimo

Lokitaung, 28 Juni 2026

Dada Chelimo, Mheshimiwa,

Chamgei. Mabati yamefika, sasa tunaabudu kwenye kivuli kinachopiga kelele mvua ikinyesha, na hapa mvua hainyeshi. Nimewaambia watu wangu dada yangu ni kiongozi. Wameuliza una ngamia wangapi.

Nilikuwa njiani wewe ukiandika ile ya Mei, tulipishana na Okello mahali fulani, barua yako ikaja huku na mimi nikaja huko. Niliisoma niliporudi, sehemu ya bomba nikairudia.

Sikukuficha ya Benard kwa ubaya. Ningekuambia nimemkatalia, ungewaambia watu kumi kabla ya chakula, na kule kukataa kungegeuka kuwa barua yako. Na sikuja kukusalimu kwa sababu hiyo hiyo. Ningesimama kando yako na kola yangu ya uchungaji pale langoni, ningekuwa ndiyo ule ukurasa mmoja uliouomba Januari. Kwa hiyo nilikuja bila kola, na kofia aliyoisahau Okello hapa misheni, nikapanga foleni kama mtu mwingine. Kogo Elmina alinisukuma akaniambia niache kusinzia. Mama peke yake ndiye alinijua, na alinivua kofia.

Kuhusu swali lako la mwisho, kura ni siri, na mimi ni mchungaji, siwezi kuandika jina la mgombea kwenye barua. Nilishakataa mara nne mwaka huu, sitaanza leo.

Nitakuambia tu kwamba nilipigia bunda. Isome kwa sauti, kwa mdomo wa nyumbani.

Ndugu yako,
Kipkurui